Siku Mama Alipokwenda Kumwona Firauni

Mtoto alikuwa na wiki saba tu duniani mama yake aliporudi kazini, na ukoo mzima ukaingia katika masikitiko. Habari ilipelekwa nyumbani kwa simu na bibi wa mtoto, aliyekuwa amesafiri kwa ndege mbili kuja ugenini kumsaidia bintiye kulea.

"Wamemwita," aliwaambia wadogo zake. "Kidonda hakijakauka, wamemwita. Eti viza inataka."

"Viza gani hiyo isiyo na utu?"

"Viza ya ufundi. Ukikaa nyumbani wanakufukuza nchi. Na huyo bosi wake, sijamwona kwa macho, lakini ni Firauni."

Jina likashika. Kila Jumapili mama wadogo walipopiga simu, waliulizia afya ya mtoto, afya ya mzazi, kisha Firauni amesemaje wiki hii. Mume wa binti, aliyekuwa bado nyumbani akingoja karatasi za kumfuata mkewe, alifunga siku tatu kumwombea bosi huyo moyo wa huruma.

Binti aliyasikia yote akiwa anakunja nepi, akazidi kuziinamia. Maana hakuna aliyekuwa amemwita.

Likizo yake ya uzazi ilikuwa miezi sita. Mimba ilipokuwa na miezi minne aliingiwa na hofu ya viza, akaomba ofisi imwandikie barua. Barua ikasema waziwazi: kibali chake kinaendelea, nafasi yake itamngoja. Aliisoma mara tatu, akalala usingizi mzuri.

Yeye alikuwa fundi wa meno ya bandia. Angeweza kuchonga gego la nta, akalipitishia makali ya kisu mara mbili, na jino lililotengenezwa kwa mfano huo likakaa kinywani mwa mtu asiyemjua kana kwamba lilimea humo. Lakini mikono hiyohiyo, ikimshika mtoto, iligeuka mbao. Mtoto alimlilia hadi kukauka sauti. Akipokewa na bibi, kimya, kama redio iliyozimwa. Wiki ya sita binti akampigia bosi kuomba kurudi. Bosi akamuuliza mara mbili kama ana uhakika. Na mama yake alipouliza mbona mapema hivyo, neno la kwanza kumjia mdomoni likawa viza. Lilikuwa neno jepesi. Alishalitumia kukosa harusi mbili na msiba mmoja, na ni msiba tu ambao viza ilimzuia kweli.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, alikuwa ameinamia meza akipasha nta moto, aliposikia mtoto akilia huko mapokezi. Alikijua kilio. Kabla hajainuka, maziwa yalikuwa yameshalowesha aproni.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni katika gauni lake la safari, mtoto kifuani. Mbele yake alisimama mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba na unga wa plasta kwenye nywele, akimvutia kiti.

"Mama! Umefikaje huku?"

"Nimehesabu vituo. Huyu ni nani?"

"Ndiye bosi."

"Huyu?" Mama akamtazama juu hadi chini, na safari yenyewe haikuwa ndefu. "Huyu ndiye Firauni?"

Kisha akajikaza. "Mwambie sikuja kugombana. Mwambie nimekuja kama mama. Mwanangu ametoka kujifungua juzi, ampe hata mwezi mmoja. Nitafanya chochote. Hata kufagia humu, nitafagia."

"Mama anasemaje?" bosi akauliza kwa lugha ya kule.

"Anakusalimu," binti akajibu kwa lugha hiyohiyo. "Amefurahi kukuona."

"Maneno yote hayo ni salamu?" Bosi akacheka, akamshika mama mikono. "Mwambie amrudishe binti yake nyumbani. Nilimwambia akae miezi yote sita, hasikii."

"Anasema atafikiria," binti akamwambia mama.

Bosi hakuwa mtu wa kutegemea maneno matupu. Akaichomoa kalenda ukutani, akamgusa mtoto, akamgusa binti, akaanza kufunua kurasa kwa kidole: mwezi, mwezi, mwezi, hadi wa sita, akaupiga kwa kiganja. Halafu akamnyooshea binti kidole, akatikisa kichwa, akagonga paji lake mwenyewe: mkaidi huyu! Akacheka tena.

Mama alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini. Kueleza jambo bila maneno ndiyo ilikuwa kazi yake. Aliitazama kalenda, akamtazama bintiye.

"Atafikiria, ee?"

Binti alitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi jeupe.

Mama akamgeukia bosi, akatabasamu. "Mwambie nimekuja kumshukuru kwa kumtunza mwanangu. Hilo mwambie kama lilivyo."

Akalitafsiri kama lilivyo, na sauti ikamkatika katikati. Bosi akadhani ni furaha, akampa ruhusa ya saa moja.

Walikaa kwenye benchi ukutani nje, watu wakipita na mifuko yao.

"Basi ni sisi uliotukimbia," mama akasema.

"Si nyinyi, mama."

"Ni nani sasa? Tuko wawili tu mle ndani, mimi na huyu."

Binti akafuta pua kwa mkono wa aproni. "Ananikataa. Nikimshika analia."

"Ana miezi miwili. Kukataa atakujulia wapi?" Mama akamrekebisha mtoto kifuani. "Na mimi nikawa nakupokonya upesi upesi, najiona bingwa. Hilo langu. Lakini kule nyumbani nimemtukana mwanamke wa watu wiki zote hizi. Na mume wako amekaa na njaa siku tatu. Hiyo siibebi mimi."

"Nitamwambia Jumapili."

"Simu unayo hapo."

Mama akamweka mtoto mapajani mwa binti, akakunja mikono yake kifuani. Mtoto akaanza kulia. Binti akambana kwa mkono mmoja, vibaya, kichwa kikaegama, akakirekebisha, akabonyeza namba kwa dole gumba lenye nta.

Mumewe aliitika mara moja. "Namsikia mtoto! Uko nyumbani? Wamekuruhusu?"

"Hawakuwahi kunikataza," akasema.

"Unasemaje? Sikusikii, mtoto analia."

Ikabidi aseme tena, kwa sauti kubwa, watu wakageuka. "Hakuna aliyenikataza. Niliomba mwenyewe kurudi."

Mtoto akaendelea kulia, na mama hakunyoosha mkono kumpokea.