Mkaa Usiolala

Kila nikinunua gunia la mkaa, huutumbukiza mkono ndani mpaka kwapani kabla sijalipa. Leo gunia lilikuwa vuguvugu, na harufu ya udongo ulioungua ikanipanda puani.

Baba alichoma mkaa Vihingo. Mkaa ukifukuliwa kwenye tanuri ulilazwa nje mpaka kesho yake, maana kaa huweza kuficha moto tumboni. Siku ile tajiri wa Maili Moja aliyeagiza mkaa alikuwa na haraka, na baba akajaza magunia asubuhi ileile.

"Baba watoto, mkaa huo haujalala," mama alimwambia.

"Utalala njiani."

Nilimsindikiza baba sokoni. Magunia yalishushwa nyuma ya kibanda cha mama lishe, ambaye alinipa andazi la bure. Adhuhuri upepo ulivuma, gunia la chini likaanza kufuka. Kabla wanaume hawajatoka msikitini, safu nzima ya vibanda ilikuwa inanguruma kwa moto. Mabati yalijikunja, madumu ya mafuta ya taa yakalipuka, moto ukavuka kwenda kwenye nyumba za watu.

"Ni jiko la huyu!" mtu mmoja alipiga kelele, akamkamata mama lishe kwa ushungi wake.

Walimpiga kwa mateke na vipande vya nondo.

"Jiko nilishazima, jamani!" alilia, damu ikimtoka sikioni.

Mpaka leo watu husimulia kwamba moto ule ulianzia jikoni kwake.

Siku ile nilimtazama baba, nikingoja aseme. Baba aliinama, akaokota tofali.