Siku Niliyosukuma Motokaa Mpaka Ukweni

Afadhali niisimulie mwenyewe, maana mke wangu akiisimulia yeye huitia chumvi mpaka hailiki, na rafiki yangu Issa ndiyo kabisa, anaigiza, anainama na kusukuma ukuta. Aibu ni yangu, na ilinipata mbele ya wakwe, siku ya ndoa yangu, tena katika kazi ile ile niliyosifiwa kwayo mpaka nikapewa mke.

Wakati ule tulikuwa bado chini ya Mwingereza, na motokaa za Lindi zilikuwa chache kiasi kwamba mtu ukiwa umelala ndani kwako unazijua kwa milio. Mimi nilikuwa dereva na fundi wa tajiri mmoja mwenye duka la nguo pale mjini, na nilikuwa nimemposa Zainabu, binti wa Mzee Nassoro wa Mingoyo, mwenye minazi na mikorosho. Mzee Nassoro hakunitaka. Hakunitamkia hivyo, mtu mstaarabu, lakini alimwambia Ba'mdogo Mfaume, ambaye ndiye aliyenilea na ndiye aliyepeleka posa, "Hawa madereva leo wako Nachingwea, kesho wako Masasi, binti yangu atakaa na nani?" Ba'mdogo (huyu mtu kwa kusifu hajambo) akamjibu kwamba mimi si dereva, mimi ni fundi, naisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua, na kutoka Lindi mpaka Kilwa hakuna ugonjwa wa motokaa ulionishinda. Mzee akafikiri, akakubali.

Siku ya ndoa wanawake wa kwetu walitangulia asubuhi kwa lori, na ngoma zao na vyakula vyao. Sisi wanaume tulikuwa tuondoke baada ya adhuhuri ili alasiri itukute Mingoyo, ndoa ifungwe baada ya sala. Tajiri wangu, Mungu amjalie, akaniazima motokaa yake mwenyewe, nyeusi, ya tangu kabla ya vita, yenye viti vya ngozi. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya nyeupe, joho juu, kilemba kichwani, na nikakataa kabisa kuendeshwa na mtu mwingine. Ba'mdogo akakaa mbele pembeni yangu, Issa na binamu zangu wawili nyuma. Tukatoka mjini taratibu, nikiwapungia watu.

Tulipoanza kupita kwenye mashamba ya mkonge, njia ikawa mbaya, mashimo juu ya mashimo, na katika kuruka shimo moja nikatupa jicho kwenye geji ya joto nikaona mshale umelala kulia kabisa, kwenye alama nyekundu. Yaani injini inachemka. Nikazima hapo hapo.

Sasa hapa ndipo penye mkasa wenyewe. Siku nyingine yoyote ningeshuka, nikafungua boneti, nikaweka kiganja karibu na rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini. Kama inachemka, mkono utakwambia kabla hujaigusa. Ni kazi ndogo tu. Lakini nikaitazama kanzu yangu, nikaitazama boneti ilivyojaa vumbi, nikakumbuka pia dereva mwenzangu aliyefungua kifuniko cha rejeta maji yakamrukia usoni akababuka, nikasema moyoni hapana, siku ya leo hapana. Nikawaambia wenzangu, "Tuiache ipoe kidogo."

Tukaiacha ipoe. Ba'mdogo akasinzia. Nilipoona imetosha nikawasha, na mshale, hata injini haijashika vizuri, ukaruka tena mpaka kwenye nyekundu. (Wenye kujua motokaa najua mmeshaanza kucheka. Injini iliyopoa haichemki kwa kufumba na kufumbua, joto hupanda polepole, kwa hiyo kinachoruka hivyo ni mshale wenyewe, si joto. Haya nilikuwa nawafundisha wengine.) Lakini mtu akishaogopa akili yake hupinda, na mimi nikajitungia elimu mpya papo hapo, nikawaambia kwa sauti ya kifundi kabisa, "Maji yamekwisha yote. Hii inasoma mvuke mtupu. Tukiiwasha tena, injini inapasuka."

"Sasa tunafanyaje?" Issa akauliza.

"Si mbali. Tusukume."

Ba'mdogo akaamka. "Tusukume harusi?"

"Wewe hutasukuma, Ba'mdogo. Wewe utashika usukani."

"Mimi? Sijashika hata wa baiskeli!"

Nikamwonyesha: shika hivi, usikate kona ghafla, ukiona mti uepuke. Tukaanza. Nilivua joho nikamtupia begani ili lisichafuke, kilemba nacho nikakiweka mapajani mwake, akaona kitaanguka akakivaa. Sisi wanne tukainama nyuma, jua la Lindi mnalijua, na ilikuwa mbali kuliko nilivyodhani, Issa akinitukana kwa Kimwera kila tulipofika penye mchanga. Kanzu ile niliyokuwa naihurumia ikalowa jasho mpaka ikanata mgongoni.

Tukaingia Mingoyo hivyo. Watu walikuwa wamejipanga kuanzia barabarani mpaka uani kwa Mzee Nassoro, na walipoona motokaa nyeusi inakuja polepole, kimya kimya, kwa heshima zote, vigelegele vikalipuka na ngoma ikapigwa. Na ndani ya motokaa wakamwona mtu mmoja, amevaa kilemba, ana joho begani, amekamata usukani kwa mikono miwili na macho yamemtoka. Ba'mdogo Mfaume wakati ule ndevu zake zilikuwa nyeupe zote.

Vigelegele vikapungua. Nikamsikia mama mmoja akisema, "Jamani, mbona mtu mzima hivyo?" Mwingine akasema, "Zainabu ameficha mambo." Dirishani, upande wa chumba cha bibi harusi, pazia likafunguliwa likafungwa.

Mimi nikachomoza nyuma ya motokaa natweta. Mzee Nassoro alikuwa amesimama barazani pamoja na sheikh. Nikamsogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Motokaa imekufa?"

Hapo ningeweza kuomba maji ya kunywa, nikaoga, nikaoa, motokaa ikangoja. Lakini niliona anamtazama Ba'mdogo kwa jicho la mtu aliyeuziwa ng'ombe kilema, nikaona lazima nioneshe ufundi wangu pale pale. Nikasema kwa sauti, uwanja mzima usikie, "Injini inachemka, mzee, hatari sana, lakini naijua dawa yake." Nikaomba ndoo za maji, zikaletwa. Nikaomba gunia bichi, likaletwa. Nikawaamuru watu warudi nyuma, wakarudi. Nikasema bado, rudini zaidi, maji haya yanaruka kama bomba, yanaunguza! Wakakimbia, mmoja wa wapishi akakanyaga sinia la halua, wazee wakaingia ndani, ngoma ikanyamaza. Nikafungua boneti, nikafunika kifuniko cha rejeta kwa gunia, nikageuza uso pembeni, nikafumba macho, nikazungusha.

Hakikutokea kitu. Hata shii haikusikika.

Nikafumbua jicho moja. Maji yalikuwa yamejaa hadi juu, meupe, yametulia. Mzee Nassoro akashuka barazani, akaja bila haraka, akachovya vidole viwili, akavitazama.

"Maji haya," alisema, "mtu anatawadha nayo."

Sina haja ya kuwaeleza kicheko kile. Kilianzia kwa wanawake.

Basi ndipo ufundi uliponirudia, baada ya kutohitajika tena. Nikapandisha mikono ya kanzu nikaingia kichwa kizima ndani ya boneti. Kwenye injini kuna kijidude kinachopima joto, chenye waya mmoja unaokwenda mpaka kwenye geji. Nikauchomoa ule waya pale kwenye kijidude, nikamwambia Issa afungue swichi atazame mshale. Kama mwongo ni kijidude, mshale ungeshuka. "Uko kwenye nyekundu bado!" Issa akajibu. Nikajua basi, tatizo liko njiani, ndani ya waya wenyewe. Nikaufuata kwa vidole mpaka pale unapopenya bati kuingia kwenye dashibodi, nikakuta mpira wake umelika kwa mtikisiko, shaba iko wazi inagusa bati. Nikausogeza pembeni. "Umeshuka!" Nikaurudisha. "Umepanda!" Nikachana kipande cha pindo la kanzu yangu (ilikuwa imeshakuwa nyeusi mpaka kwenye viwiko), nikaufunga vizuri, nikawasha, mshale ukatulia chini kama mtu mwenye adabu.

Niliponyanyuka, sala ya alasiri ilikuwa imeshasaliwa na sheikh alikuwa anatazama jua. Mzee Nassoro akaniita pembeni ya nyumba, peke yetu. Nikaanza kumweleza habari ya waya, jinsi ulivyolika, jinsi ulivyokuwa unagusa bati, akanikatiza.

"Sikuulizi waya. Kule njiani, mkono wako ulikuwa wapi? Huwezi kugusa ukajua kama ni moto au si moto?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kifundi. Nikayaacha yote. Nikasema, "Niliogopa kuchafua kanzu, mzee."

Akanitazama, kuanzia miguuni, ile kanzu yote. Nikawa nafikiri jinsi tutakavyorudi Lindi bila mke, na lori la wanawake nyuma yetu, na wimbo watakaouimba. Kisha akageuka akapaza sauti kuelekea mlangoni, "Mleteeni huyu maji aoge. Na kanzu yangu moja."

Ndoa nikafunga nimevaa kanzu ya mkwe wangu, mtu mfupi, yaishia kwenye magoti, na wakati natamka kukubali nilisikia nyuma ya pazia wanawake wanajibana wasicheke.

Tuliondoka kabla ya magharibi, mimi na Zainabu mbele, Ba'mdogo amelala nyuma (Issa alikataa katakata kupanda, alirudi na lori). Zainabu alingoja mpaka tulipotoka Mingoyo. Halafu akasema, "Simamisha."

Nikamwonyesha geji. "Mshale uko chini, tazama."

"Simamisha, ukaguse."

Nikashuka, nikafungua boneti, nikagusa, nikarudi.

"Vipi?"

"Vuguvugu."

"Haya, twende."

Tangu hapo nimeendesha magari mengi, mengine mapya kabisa, na sijauamini mshale wowote mpaka nimeshuka nikaweka mkono. Wanaonipita njiani wakiniona nimesimama peke yangu, boneti juu, na gari halina hata moshi, hudhani nimeharibikiwa. Nawapungia wapite.