Bibi na Jirani Mchina Kwenye Majani ya Al Nahda

Wiki iliyopita mgongo ulinibana, na daktari akanielekeza niinue mikono polepole, nivute pumzi hadi tumboni, kisha niishushe. Nikafanya sawasawa mara ya kwanza. Akauliza nimejifunza wapi. Nikasema sijui. Mwongo mkubwa mimi! Najua vizuri sana, na wewe rafiki yangu nitakwambia, ingawa sina pa kuuweka uso wangu.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Uarabuni, mtaa wa Al Nahda, ghorofa ya nne, baba akiuza vitambaa soko la Deira. Bibi, mamake baba, alikuja kutoka Mombasa na magoti yaliyokaza kwa baridi yabisi, akisali juu ya kiti. Asubuhi nyumba ilinukia mahamri na iliki, nami nilitumwa kupeleka sahani kwa jirani, mama mzee wa Kichina aliyekuja kulea wajukuu. Sahani ilirudi na maandazi meupe ya mvuke. "Haya hayajaonja mafuta, maskini!" Bibi alicheka, na bado akayamaliza yote.

Lugha moja hawakuwa nayo. Siku moja jirani aliyagusa magoti ya bibi, akamshika mkono, wakashuka kwenye kipande cha majani kati ya majengo. Huko akamfundisha mazoezi ya kwao, qigong: miguu imeachana, magoti yamelegea kidogo, mikono ikipanda na kushuka pamoja na pumzi, taratibu mno. Bibi, buibui kalikaza kiunoni, alitoa kila pumzi kwa jina la Mwenyezi Mungu. "Mwili hautaki fujo," alikuwa akisema, "unataka kubembelezwa." Baada ya miezi miwili alitandika mswala chini, akasujudu, akainuka bila kushikwa. Alilia. Mama alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuchungulia.

Mimi niliona haya. Basi la shule lilisimama palepale, na asubuhi moja msichana wa darasa langu, Mzanzibari, akatazama dirishani: "Ebu muoneni yule, anakamata nzi?" Basi zima likacheka, nami nikacheka kuliko wote. "Si bibi yako yule?" akaniuliza. Nikasema simjui.

Jioni nikamwambia bibi kwamba askari wa jengo letu, Mganda mmoja mpole, amekataza watu kukanyaga majani, na akimwona tena atampigia simu kafeel wa baba. Nilijua jina hilo, la mdhamini aliyeshika viza ya baba, lilivyotisha nyumbani kwetu. Bibi akashika kifua. "Viza ya mwanangu? Khalas, siendi tena. Wala usimwambie baba yako, atafadhaika."

Jirani aligonga mlango asubuhi tatu. Bibi alimpungia mkono wa hapana, macho chini. Nadhani yule mama alijiona kakosea jambo, akaacha kuja. Magoti yakakaza upya. Halafu siku moja, adhuhuri, bibi akaniita: "Mwanangu, niletee kile kiti." Nikakileta mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

Siku ya kurudi kwao Mombasa, teksi ikingoja, bibi alimwendea askari. "Niwie radhi, mwanangu, kwa kukukanyagia majani yako."

Askari akashangaa. "Majani gani, mama? Mimi nilifurahi kuwaona pale. Nikawa najiuliza, mbona mumeacha?"

Bibi akageuka, akanitazama. Akanitazama sana. Kisha akamjibu, "Uzee tu, baba," akanishika bega, akaingia garini.

Hakunisema wala kunishtaki kwa baba. Lau angenichapa, ningepona. Leo yale majani yamemwagiwa lami, magari yanalala juu yake. Jirani alihama, sijui hata aliko. Kila Ijumaa bibi alipiga simu, akaniuliza masomo, akauliza nimekula nini. Lile hakuligusa kamwe, aliniachia nilianze mimi. Nami nikawa nasema Ijumaa ijayo, Ijumaa ijayo, mpaka Ijumaa moja simu ikaja ya watu wengine, kutwambia kwamba wanakwenda kumzika.