Mgeni wa Jerikeni

Jerikeni ya mafuta ikikaa juani, ile harufu yake inanirudisha nyumbani Koboko. Siku moja nikiwa mtoto huko, nilikata jerikeni moja kuukuu, nikaweka mchanga, jiwe na kijiti, nikaingiza mjusi, nikafunika na kipande ya neti. Nyanya akaja, kandambili mkononi. Kwetu Waislamu kuua mjusi iko na thawabu, na yeye alikuwa haachi hata mmoja.

"Iko wapi?"

"Nyanya, huyu iko na nyumba yake. Ni mgeni wangu."

Sikutoka mbele ya jerikeni. Akanisukuma kidogo, akainama, akaangalia ndani.

"Mgeni gani unakalisha kwa jua, hata maji hakuna? Nani alikufundisha hiyo tabia?"

Akatupa kandambili chini, akaivaa, akavuta jerikeni mpaka kivulini. Halafu akaenda kuleta maji.