Panka Tulilolibadilisha kwa Ng'ombe

Mwanangu, iko siku ya ujana wangu naikumbuka pamoja na joto lake. Kaa nikwambie, maana naona siku hizi mnanunua mafriji na viyoyozi vilivyokwishatumiwa na wenzenu huko Arabuni, mnauliza bei na rangi, umri hamuulizi. Miye niliuliza umri. Ila niliuliza vibaya.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nyumbani kwetu, karibu na Mtambile, aliyesoma skuli nilikuwa peke yangu, na kusoma kwenyewe ni madarasa mawili, kisha nikatolewa nikasaidie shamba. Lakini madarasa mawili ukiyaweka katika nyumba isiyo na hata moja, yanaonekana mengi. Likija kopo la dawa, nalisoma miye, hata kama limeandikwa kwa lugha nisiyoijua. Natamka tu, na baba anaitikia kwa kichwa.

Basi Bwana Shaame, mwenye duka pale Mtambile, akapata panka la kupepea nyumba kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Umeme kwetu haukuwapo, na panka lile halikuutaka. Lilikuwa la mafuta ya taa: urefu wake wanifika kifuani, juu mapanga manne ya shaba, chini taa ya utambi. Unawasha utambi, chuma kinapata moto, na moto ule ndio unaosukuma mapanga yazunguke. Yaani unakoka moto ili upate baridi. Hapo tu mtu mwenye akili angeaga akaenda zake.

Baba hakuaga. Alilitaka panka, na Bwana Shaame alimtaka ng'ombe wetu, yule wa maziwa.

"Umri wake siujui, bwana," Bwana Shaame akasema, na kwa kweli hakutudanganya. "Litazameni wenyewe."

Baba akaniita. "Zuwena, soma."

Nikainama. Mguuni pa panka palikuwa na kibati kidogo, maandishi yamefutika, imebaki namba peke yake: 1379. Na mwaka ule wa Kiislamu, tuliokuwa tukiutaja kila siku chuoni kwa mwalimu wa Kurani, ulikuwa elfu moja mia tatu sabini na tisa. Nikasimama kama kadhi anayetoa hukumu.

"La mwaka huu, baba. Limeandikwa."

Wakakubaliana kwa hiari ya siku tatu, kama ilivyo desturi yetu: ukiona kasoro kabla ya magharibi ya siku ya tatu, unarudisha, na mwenzio anakurudishia chako, hapana ugomvi. Magharibi ikipita, imepita. Ng'ombe akafunguliwa kamba, akaenda. Na bibi yangu Bi Mize, mama yake baba, hakuwa na jino hata moja. Chakula chake kilikuwa uji wa maziwa ya ng'ombe yule, asubuhi na jioni. Hakuna aliyemuuliza.

Siku ya kwanza baba akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akakaa mbele ya panka, majirani wamejaa ukumbini. Tukawasha. Ukapita muda wa kupika chai na kuinywa. Panka likakohoa, likatoa moshi, likazunguka mara moja, likafikiri, likazunguka tena. Upepo wake ulikuwa kama pumzi ya mtu mwenye homa aliyekunywa mafuta ya taa. Jasho likamshuka baba mpaka kwenye ncha ya ndevu.

"Baridi hiyo," baba akasema.

"Mbona unatota?" jirani mmoja akamuuliza.

"Jipya hili. Bado halijatuzoea."

Na kila aliyeingia aliambiwa: la mwaka huu, Zuwena kalisoma.

Siku ya pili lilizunguka asubuhi, alasiri likagoma. Bibi alikuwa akinywa uji wa maji na chumvi. Angelinitukana ningelipata nafuu.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, baba yuko shamba, bibi akaniita. "Nisogezee hilo lenu."

Akakaa mkekani, akalipapasa kama mtu anayepapasa mbuzi wa kununua. "Shika hapa." Ilikuwa pale pa kubebea. Shaba imelika, imefanya mashimo ya vidole. "Vidole vya mwaka mmoja hivi?"

Akachukua kisu, akakwaruza mguu. Rangi ya kijani ikatoka, chini yake nyeupe, chini ya nyeupe nyeusi. "Kwa mwaka mmoja lishavaa nguo tatu?"

Akatia kijiti kwenye tundu la nyuma. Ukamwagika udongo mkavu wa viota vya nyigu, tabaka juu ya tabaka. "Na hawa walihamia lini, wakazaa, wakapata wajukuu, wakahama?"

"Lakini bibi, namba."

"Kiatu cha babako kimeandikwa tisa. Kina miaka tisa?"

"Hapana. Ile ni namba ya kiatu tu."

"Na hili katengeneza nani?"

"Wazungu."

"Wazungu wameanza lini kuhesabu miaka kwa Hijra?"

Nilihisi madarasa yangu mawili yakinitoka moja baada ya jingine.

"Kamwambie babako kabla ya magharibi," akasema. "Miye simwambii. Aliyesoma ni weye."

Mwanangu, nilikaa nyuma ya jiko muda mrefu. Baba ameshajisifu kijiji kizima. Nikisema, namvua nguo yeye na miye. Nikawa nawaza, labda nyigu wa Ulaya wanajenga haraka. Kisha nikamsikia bibi akikwangua bakuli lake la uji wa maji kwa kidole, na ndani hamna kitu cha kukwangua. Nikatoka mbio.

"Baba, nimesoma vibaya. Ile namba si mwaka. Sijui ni ya nini. Tangu mwanzo sikujua, nikaona haya kusema."

Baba akaegemea jembe, akanitazama. "Umesema hujui?"

"Sijui, baba."

"Tangu utoke skuli, leo ndiyo mara ya kwanza nalisikia neno hilo."

Panka nikatwikwa miye, masizi yananidondokea shingoni mpaka Mtambile. Njiani watu wanauliza, "Mnalipeleka wapi la mwaka huu?" Baba anajibu, "Kutembea."

Tukamkuta Bwana Shaame akichechemea, jua lingali juu ya mapaa. Hata kasoro hakuiuliza. "Mchukueni ng'ombe wenu. Kila nikimkamua ananipiga teke."

Jioni nikampelekea bibi uji wake. Akaunusa. "Maziwa haya ya leo?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo, nikaufunga. Nikachukua kibuyu, nikanusa, nikaonja. "Ya leo, bibi." Akacheka mpaka fizi zote zikaonekana.

Basi sikiliza. Ukitaka kujua umri wa chombo cha kupoza nyumba, kipapase. Tazama pale mikono inaposhika, kwaruza rangi, chungulia nyuma ambako muuzaji hakufuta vumbi. Namba isome, lakini kama hujui inasema nini, tafuta anayejua umuulize. Na kama hayupo, sema hujui, useme mapema, ng'ombe angali kambani. Haya ya kusema hujui ni ya muda mdogo tu. Haya ya kumnywesha mzee wako uji wa maji, miye ninayo mpaka leo, na ilikuwa siku tatu tu.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kutazama na ulimi mwepesi wa kukiri. Nyumba yako iingie upepo, na wazee wako wasikose maziwa. Amin.