Maharage ya Mama Najma

Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, Tunu, ambaye watu walimwita Mama Najma, alijua sasa umaskini umekwisha. Maofisa walihamia na matumbo yao, na perege wake wa kukaanga pale mtaani Bagara wakawa wanaisha kabla ya adhuhuri. Malori ya barafu kutoka Arusha nayo yakaanza kugombea samaki wa Ziwa Babati. Miaka miwili baadaye perege walikuwa wadogo kiasi kwamba mteja alimuuliza kama anauza samaki au miiba.

Basi ziwa likafungwa miezi minne, asivue mtu. Tunu alitukana wiki nzima, akawatukana hata samaki kwa uvivu wa kuzaa, kisha akabandika maharage.

Mwezi wa pili tangu ziwa lifungwe akaja Teodori, mwandaaji wa semina, tai yake imekomea juu ya kitovu.

"Shikamoo, Mama Najma. Nina wageni arobaini kutoka Arusha, Singida na Kondoa. Watajadili namna miji yetu itakavyokua bila kuliua ziwa. Nataka perege, wale wakubwa."

"Marahaba. Ziwa si limefungwa, baba?"

"Limefungwa kwa wavuvi. Hawa ni wageni."

Tunu akaitikia kwamba chakula kitakuwepo.

Siku ya semina masinia yalifunuliwa: wali, mchicha, maharage. Teodori akamfuata jikoni, akifoka kwa kunong'ona. "Samaki wako wapi?"

"Wako ziwani wanazaana. Nikawakatize?"

Alisema hivyo kwa sauti yake ya sokoni, ukumbi mzima ukasikia. Mjumbe mmoja wa Arusha, mama aitwaye Aikande, alicheka mpaka akapaliwa na wali. Alipopata pumzi akasema malori yanayolimaliza ziwa yanatoka mjini kwao, na tangu asubuhi hakuna aliyethubutu kuyataja. Mchana ule yakatajwa. Wakakubaliana masoko ya miji yote yakatae samaki wachanga.

Tunu hakuitwa tena kupikia semina. Badala yake akatiwa kwenye kamati ya ziwa, ambayo hailipi hata soda. Ziwa lilipofunguliwa, perege walikuwa wamenenepa na malori yamepungua, ingawa mawili yalijipenyeza asubuhi ya kwanza. Tunu aliyazuia akiwa na rula ya shule ya mwanawe, akapima samaki mmoja mmoja huku dereva akimwita mchawi.

Aliporudi Bagara, wateja wake walikuwa wameshakula kwa jirani. Akasonya, akawasha jiko.