Amani ya Ndani ya Ngome

Wanaonijua wanasema mimi nikianza kuongea, chai inapoa kwenye kikombe. Ni kweli. Lakini siku hizi naongea nikiwa nimekaa, ju magoti hayataki tena habari ya kusimama. Bon, na nyinyi kaeni. Niwaambie vile nilijifunza mambo ya ngome za Wajerumani, mimi ambaye shule yangu iliishia primaire kule Bukavu, na vile karibu nivunje nyumba yangu na hayo masomo.

Nafanya kazi kwa Madame mmoja wa Queensburgh, hapa Durban. Mimi ni mzee, lakini yeye ni mzee kuliko mimi. Namwogesha, namvalisha, nampikia supu, halafu tunakaa kwenye stoep, ile baraza ya mbele, tunaangalia watu wanapita. English yangu ni ya kuuliza bei tu. Lakini Madame alifundishwa Kifaransa akiwa mtoto, ju kwao watoto wa wakubwa walikuwa wanafundishwa hivyo, na mimi Kifaransa nilikiokota sokoni. Basi yeye anaongea ya kitabu, mimi naongea ya soko, na tunakutana katikati.

Kwao ni Ujerumani, upande wanaita Frankonia. Familia yake ni ya wakubwa wa zamani sana, wale wa kupanda farasi na kuvaa chuma mwili mzima. Walikuwa na ngome tatu. Moja ilichomwa na wakulima waliochoka kubebeshwa kuni na kutozwa mavuno. Nikamwambia Madame walifanya vizuri. Akasema, "Mama, hata mimi nafikiri hivyo, lakini baba yangu asikusikie." Baba yake alikufa zamani. Ya pili iliuzwa, sasa wanatunza wazee ndani yake. "Wazee kama mimi," anasema, "wanalipa kulala mahali babu yangu alikuwa anafuga mbwa."

Ya tatu ndiyo iko kwenye picha ukutani, juu ya televisheni. Iko juu ya jiwe kubwa, na chini mto unapita. Siku moja nilikuwa napanguza vumbi, nikaona ile ngome iko na paa nyingi nyingi, na moshi unatoka sehemu mbalimbali. Nikauliza, "Madame, hii nyumba moja, mbona jiko nyingi hivi?"

Akafurahi. Akaniambia kwao Frankonia mtoto wa kwanza hakuwa anabeba kila kitu. Watoto wanaume wote walirithi. Lakini ngome huwezi kuikata kama mkate. Kwa hiyo ndugu walikaa ndani ya ukuta mmoja, kila mtu na nyumba yake na jiko lake, na mlango mkubwa, kisima na kanisa ni vya wote. Na ili wasiuane, kila kijana akikua aliapa: ndani ya ukuta hapana ngumi, hapana kisu, hapana matusi. Kulikuwa na mawe ya mpaka njiani. Ukitaka kugombana na ndugu yako, mnatoka mpaka nje ya mawe. Ukivunja kiapo, unahama ngome mpaka ndugu wakubali urudi.

Mimi nilikaa chini na kile kitambaa cha vumbi mkononi. Nilikuwa nawaza kwangu.

Kwangu ni Cato Manor, nyumba ya chambre mbili za kulala na salon. Mwanangu wa kwanza iko chambre moja na bibi yake na watoto. Yeye ana duka dogo la simu. Mwanangu wa pili iko chambre ya pili na bibi yake, na mtoto bado mdogo. Huyo ananyoa nywele. Mimi nalala salon, nyuma ya rido, pazia tu la kitambaa. Jiko ni moja, frigo ni moja, na wale wake wawili ndani ya lile jiko walikuwa kama paka kwenye gunia. Nani kamaliza mafuta. Nani kaacha sufuria ya bugali imekauka. Bibi wa mkubwa alifunga kabati na kufuli, bibi wa mdogo akaanza kuita ile kabati "benki". Wanaume wakirudi kutoka kazini wanashika kesi za bibi zao, sauti juu. Na mimi nyuma ya rido nasikiliza, naomba Mungu wanangu wasiachane. Ju wakiachana, mmoja akihama, mimi na rido yangu tunafuata nani? Nikifuata mkubwa, mdogo atasema sikumpenda. Nikifuata mdogo, mkubwa atasema nimemwaibisha. Hiyo ndiyo ilikuwa inaninyima usingizi, si kelele.

Jioni hiyo nikapita soko la Warwick kununua mboga za lenga-lenga, nikabadilisha taxi, nikafika nyumbani, nikawaita wote. Nikawapa habari ya ngome.

Wa kwanza akasema, "Maman, sisi tuko na ngome wapi?"

"Muko na ukuta. Muko na mlango. Muko na jiko. Kisima chetu ni frigo."

"Na jiwe la mpaka?" wa pili akauliza, anacheka.

"Mita ya maji, pale kwenye geti. Kuanzia leo, mwenye kutaka kugombana atapita mita ya maji. Ndani hapa hapana neno baya. Mwenye kuvunja, analala kwa wachungaji wa kanisa letu mpaka niseme arudi."

Waliapa. Waliapa wakicheka, lakini waliapa, mkono juu ya frigo.

Mwanzoni ilikuwa sinema. Bibi wa mkubwa anaona sufuria chafu, anavuta pumzi, anamwambia mwenzake kwa adabu, "Mama fulani, twende kidogo kwenye mita." Wanatoka, wanavaa viatu kabisa. Pale nje ndiyo utasikia. Majirani Wazulu wakatoka kuangalia. Mama wa nyumba ya mbele akaanza kubeba kiti. Siku moja akaniuliza, "Eish, gogo," ndivyo wanaita mama mzee, "leo hawatoki?" Kama vile tulikuwa tumemnyima kitu.

Nilimhadithia Madame, akacheka mpaka nikamshikia meno yake ya bandia. "Sasa wewe ni barones, mama mwenye ngome, wa Cato Manor," akasema.

Halafu mvua za Durban zikaanza, na nani atatoka na mvua ju ya mafuta ya kupikia? Wakaacha kutoka. Na ju ndani imekatazwa, wakaacha kuongea. Kidogo kidogo nyumba ikanyamaza. Bibi wa mkubwa anapika, anaondoka, wa mdogo anaingia. Wanapishana mlangoni kama watu wa ofisi tofauti. Wanangu wakasalimiana kwa kichwa. Mimi nilifurahi, jamani. Nililala vizuri. Nilisema kumbe Wajerumani walikuwa na akili.

Nikampelekea Madame hiyo habari nzuri. Nilikuwa namkata kucha za miguu. Hakucheka. Alinionyesha ile picha na kidole: kati ya paa la kwao na paa la baba mdogo wake kulikuwa na mfereji wa kupeleka maji ya mvua. Ulikuwa wa nyumba zote mbili. Ulipasuka babu yake akiwa hai. Nani autengeneze? Hawa walisema ni wale, wale walisema ni hawa. Na ju ya kile kiapo cha zamani, familia ilikuwa imejifunza kutogombana ndani. Walikuwa watu wa heshima. Waliinamisha kichwa wakikutana kisimani, waliulizana afya. Maji yaliingia polepole kwenye mbao. Baba yake aliweka ndoo. Baba mdogo, upande wa pili wa ukuta, naye aliweka ndoo. Kila mtu alisikia maji yakidondoka kwenye ndoo ya mwenzake.

"Na paa?" nikauliza.

"Lilianguka," akasema Madame. "Baridi ile hatukuwa na pa kulala. Baba akatupeleka kwa watu, baba mdogo na familia yake wakaenda kwingine. Sikuona tena watoto wake. Tulikuwa tunacheza pamoja, unajua. Hakuna aliyemtukana mwenzake hata siku moja."

Nilimaliza kumkata kucha. Nilirudi nyumbani nimechoka, si uchovu wa kazi. Kwenye taxi nilikuwa nasikiliza moyo wangu unasema, wewe mama, nyumba yako haijatulia, nyumba yako inavuja.

Jumapili baada ya ibada niliwaita tena. Nikasema, kiapo kimekwisha. Leo tunagombana, hapa jikoni, wote, na hakuna kutoka.

Wakaniangalia kama nimepata malaria. Bibi wa mkubwa ndiye alianza, kwa sauti ndogo, na mafuta. Bibi wa mdogo akajibu na kufuli. Ikapanda. Ikapanda vizuri, mpaka sufuria zikasikia. Wanangu wakaingia. Na pale katikati, wa pili akasema:

"Mimi nilishapata chambre Queensburgh. Toka mwezi uliopita. Nashindwa kusema ju ya Maman."

Wa kwanza akavuta kiti, akakaa. Halafu akasema, "Mimi pia nilikuwa natafuta. Nashindwa kusema ju ya Maman."

Wote wakanigeukia. Ninyi mnaojua kuchoka, mnajua vile nilichoka. Kumbe wote walikuwa wanakaa pale kwa kunishikilia, na mimi nilikuwa nawashikilia.

"Maman," wa pili akasema, "unabaki ama unakuja?"

"Nabaki," nikasema. "Rido yangu imezoea hapa. Lakini kila Jumapili unakuja na bibi yako, mnakula hapa, na kama kuna neno mnalitoa juu ya meza. Kwangu hamtakuja kuinamishiana kichwa."

Uso ulimshuka, siwadanganyi. Aliuma mdomo. "Kumbe unampenda yeye," akasema.

"Sema tena," nikamwambia. "Sema yote. Niko nasikia."

Akasema yote. Mengine yalikuwa ya utotoni, kule Bukavu, ya viatu na ya shule. Mengine yalikuwa kweli, na nilimwambia ni kweli. Mengine hapana, na nilimwambia hapana. Alilia kidogo, akaomba chai.

Jumamosi iliyofuata bakkie, gari ya kubeba vitu, ilikuja kumhamisha wa pili. Wa kwanza alifunga duka lake mapema, akashika matela ya kulalia upande mmoja, wa pili akashika upande mwingine. Mmoja anasema kamba ipite chini, mwingine anasema juu. Wake zao kila mmoja iko na wazo lake, sauti mpaka barabarani, na mtoto anapiga kelele mgongoni. Mimi nilikaa kwenye ngazi na magoti yangu, nikawaacha.

"Wewe hujui kufunga kamba tangu uzaliwe," wa kwanza akasema.

"Na wewe hujui kunyamaza. Vuta."

Akavuta.